Jina Langu Ulilolikata Kichwa

Murukulazo,
Ngara, Kagera.
6 Novemba, 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Desderius,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia shikamoo uliyoinyamazia tangu mwezi uliopita, usije ukasema bibi alianza barua bila salamu. Hujambo? Baridi ya huko Kanada inakutendeaje? Unakula chakula cha kueleweka, au bado ni mikate tu? Kile kifua ulichokuwa ukikohoa kimepona? Kama kimepona namshukuru Mungu, maana nataka uwe mzima unaposoma haya. Mimi sipigi mgonjwa.

Huku sijambo. Goti la kushoto linaniuma nikipanda kutoka bondeni, lakini mkono ni mzima, na habari za huo mkono utazisikia. Mama yako Dafroza ni mzima pia, ila kwa uoga hajapona.

Barua hii naiandika mwenyewe. Usicheke mwandiko. Nilisoma kwa mapadri mpaka darasa la tatu, nikatolewa nikalee wadogo zangu, na herufi nilizopata zinanitosha kukugombeza. Mama yako ataipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, akutumie. Alitaka niseme anirekodi, nikakataa. Ya kwenye simu utasema mtandao ulikata. Karatasi haina mtandao wa kukata.

Umeona sijakuita mume wangu. Tangu unanyonya nakuita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na hapa kijijini wananitania kwamba mume wangu amenikimbia Ulaya. Leo sikuiti hivyo. Jina hilo nimelipandisha darini pamoja na mbegu za maharage. Utaona mwishoni kama linashuka.

Migomba ya upande wa bondeni imepata mnyauko. Nimeikata yote kwa panga langu. Kila nikipiga, usaha wa njano unanirukia usoni, nafuta, napiga tena, mpaka shamba likabaki kama mahali palipopita vita. Mama yako alikaa pembeni analia. Mimi nilikuwa nakata. Nikaizika, nikakanyaga udongo juu yake. Hiyo ndiyo hasira yangu ndogo ya mwaka huu.

Kubwa ni hii ya Nice.

Nice ni mtoto wa marehemu baba yako mdogo, yaani ni dada yako, huko kwenu wamwite wanavyotaka. Ile kompyuta uliyomtumia alipomaliza shule ilikuja na Windows, na hiyo Windows ilikuwa mvivu. Inawaka mpaka chai inapoa, inakula bando kwa kujisasisha, siku moja ikageuka bluu uso mzima ikafa. Fundi Frednand wa Rulenge akaitoa akaweka Linux, mfumo mwingine wa bure. Kompyuta ikafufuka. Lakini ule mchezo wenu wa mapanga, mnaoucheza pamoja wewe huko na yeye huku, ukakataa kuingia. Umetengenezwa kwa ajili ya Windows, lugha nyingine hausikii.

Hapo ndipo wewe mwenyewe, Desderius, ulimpigia Nice simu mkaongea hayo mambo mpaka ugali ukawa baridi. Ukamwambia aweke mkalimani. Nilikuwa nimekaa hapohapo. Nice alinieleza nikaelewa upesi, maana padri Mzungu wa zamani alipohubiri, katekista alisimama ubavuni akigeuza kila neno kwa Kihangaza. Padri hakujua lugha yetu, sisi hatukujua yake, na misa ilikwisha vizuri. Basi mkalimani akawekwa katikati ya mchezo na Linux. Mwanzoni picha zilikuja nyeusi. Kisha zikaja panga zinatembea hewani bila mikono. Kisha watu wakaonekana, na Nice akaruka akapiga kichwa kwenye boriti ya jikoni. Ulicheka kwenye simu. Nakukumbusha ulivyocheka, kwa sababu nitakurudisha hapo.

Mimi ule mchezo nilikuwa naupenda, sitaki kusema uongo. Nikishika maharage yangu ya kuchambua, nakaa nyuma ya Nice. "Mkate huyo wa kushoto! Mkate shingo, unamchekea nini?" Yeye ananijibu, "Bibi, huyo ni wa kwetu." Basi nyamaza, nasema, mkate wa kulia. Na mtu wake wa mchezo, yule mwanamke mwenye upanga mrefu na ngao ya ngozi, alimpa jina langu. Ildefonsa. Watu wa nchi nisizozijua wanaandika Ildefonsa njoo tusaidie, Ildefonsa ameua joka. Nilitembea kwa kujidai hapa Murukulazo, na sikuomba ruhusa ya mtu.

Kisha wenye mchezo wakaweka mlinzi mpya. Kazi yake ni kupekua kila mashine, akiwatafuta wezi wanaotumia ujanja wa kuona nyuma ya kuta na kupiga bila kukosa. Mlinzi akapekua ya Nice, akamkuta mkalimani amesimama katikati. Hamjui. Akampiga Ildefonsa alama nyekundu juu ya kichwa, kwamba ni mwizi, yeyote akimkuta amwue.

Wewe ni mkuu wa ngome yenu, lile kundi lenu la wachezaji. Ukawaita wote uwanjani. Nilikuwepo. Niliona mtu mrefu wa deraya nyeusi anatokea getini, nikauliza huyo ni nani, Nice akasema, "Ndiye kaka Desi." Nikafurahi! Nikasema sasa mtaona, mwenye mtu amefika. Ukampigisha Ildefonsa magoti. Nice anaandika mbiombio, nikamwambia anisomee: "Kaka, unajua ni Linux, unajua ni yule mkalimani, waambie." Hukumjibu. Wenzako Wazungu walikuwa wanaandika vicheko. Ukainua shoka. Kichwa cha Ildefonsa kilibingirika mpaka kisimani, na damu ikaruka ikachora ukuta. Na hukutosheka. Ukaandika kwa lugha ya wenzako, halafu ukaandika tena kwa Kiswahili, ili na vijana wa huku waelewe: ILDEFONSA NI MWIZI.

Mtu wa mchezo akifa anafufukia makaburini. Alifufuka na ile alama yake, nje ya geti, na geti likafungwa. Nice alikupigia simu. Hukupokea. Nikamwambia acha, atapiga mwenyewe, ana aibu. Nilikuheshimu kuliko ulivyostahili.

Sasa kaa chini kama umesimama. Mama yako alisema tusikusumbue na habari hizi uko kazini. Mimi nakusumbua.

Nice alikuwa Nyakanazi kwa shangazi yenu Scola, anamsaidia kwenye kibanda chake cha chakula pale malori yanapolala. Mvua ikaanza. Akalikumbatia begi la kompyuta kifuani akakimbia kutoka stendi kuelekea kibandani. Njiani pana banda la vijana la kuchezea kompyuta, na mlangoni alisimama Ciza, mtoto wa jirani yetu Akimana. Ciza yumo kwenye ngome yako. Alikuona na shoka lako, na neno lako alilisoma. Akamwona Nice anakimbia na begi, akaona ni utani mzuri. Akapaza sauti: "Mwizi huyoo! Ildefonsa mwizi! Mkamateni!"

Desderius, umezaliwa huku. Unajua neno hilo likitupwa stendi linafanya nini. Halisubiri shahidi. Msichana anakimbia, ana begi la kompyuta, na mtu amepiga kelele. Wakata tiketi, wapakia mizigo, mataniboi wa malori, wote walikuwa na kiu ya damu.

Jiwe la kwanza lilimpata begani, mfupa ukalia. La pili mdomoni. Akaanguka juu ya begi, na hakuliachia, na kwa vile hakuliachia wakaona kweli ni mwizi. Wakampiga mateke ya mbavu. Mmoja mwenye buti la mvua akamkanyaga mkono wa kulia, akaugeuzageuza kisigino kama anazima sigara. Nice anapiga kelele, "Ni yangu! Nimepewa na kaka yangu!" Wakamcheka. Walimwuliza kaka yake yuko wapi.

Tairi lililetwa. Naandika tena usije ukaruka mstari: tairi lililetwa. Walishamvisha mpaka shingoni, na mtu mmoja alikuwa amepiga magoti anafungua kidumu cha petroli.

Scola alikuwa anakoroga supu ya kongoro. Aliisikia sauti ya Nice akaijua. Hakupiga kelele wala hakuita polisi. Alishika sufuria kwa kanga, inachemka vilevile, akapita nayo katikati ya watu, na kwa kuwa anabeba moto wakampisha. Akammwagia mwenye kidumu kuanzia utosini. Ngozi ya shavu ilishuka kama ya kiazi kilichochemshwa. Iliyobaki akaizungusha kwa waliokuwa karibu, kwato na mafuta na vyote, wakatawanyika wanajikwaa. Halafu akasimama juu ya mtoto, miguu huku na huku, na kisu cha kukatia nyama. "Nani mwingine anataka supu?" akasema. "Semeni! Bado ninayo jikoni!" Hakuna aliyetaka. Dereva mmoja wa lori, mtu wa Kahama, akashuka akamwinua Nice na kumwingiza kwenye kabini yake, akawapigia honi mpaka wakaachia njia.

Scola ameungua mikono. Hajutii, na mimi nilimchinjia jogoo.

Walipomleta hospitali ya Rulenge nilimtambua kwa miguu, uso haukuwa wake. Mfupa wa bega umevunjika, vidole vitatu vimevunjika, mkono umefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka kiwikoni. Meno ya mbele mawili yamebaki Nyakanazi. Manesi walimhudumia vizuri, Mungu awabariki. Lakini habari zilimtangulia. Siku ya kwanza alipojaribu kutembea wodini, mama wa kitanda cha pili alivuta mfuko wake wa sabuni akauficha chini ya mto. Nice aliona. Akarudi kulala, akageukia ukutani. Ameruhusiwa wiki iliyopita, yuko nyumbani, na akilala bado anageukia ukuta. Mifupa inaunga, nimeona mingi. Hili la mfuko wa sabuni ndilo linalomla.

Nilikwenda kwa Akimana. Ciza alikuwa amejificha nyuma ya jiko. Nilimtoa kwa sikio nikamchapa hapohapo uani, mgongo, miguu, popote, mpaka fimbo ikakatika. Nikamwomba mama yake nyingine. Akimana aliingia ndani akatoka na nene zaidi, akanipa kwa mikono miwili. Ciza analia, "Bibi, nilikuwa natania! Bibi, nisikilize! Mimi nilirudia tu alichoandika kaka Desi! Yeye ndiye mkuu, ningejuaje kwamba ni uongo?"

Mkono wangu uliganda juu. Kwa sababu kijana alikuwa amesema kweli. Ciza hajui mkalimani ni nini. Ciza ni mjinga na nimemmalizia haki yake. Wewe ulimjua mkalimani, wewe ndiye uliyemleta. Ulicheka Nice alipogonga boriti. Ulijua, na ulipoona Wazungu wanakucheka kwamba ndugu yako anacheza kwa mashine ya kuungaunga, uliona heri akatwe kichwa kuliko wewe uone haya. Hilo buti la mvua lilikuwa na mguu wako ndani yake. Shoka uliinua Kanada, likashuka Nyakanazi.

Na neno moja zaidi. Aliyepigishwa magoti alikuwa na jina langu. Mimi katika maisha yangu sijachukua hata ndizi ya mtu. Leo watoto wa stendi wanaimba Ildefonsa mwizi, na wenye umri wangu wananitazama mikono.

Sasa sikiliza utakachofanya, sitarudia.

Nice anasema mkuu wa ngome anaweza kuwaandikia wenye mchezo kwamba mtu wake hakuiba, kwamba anatumia Linux na mkalimani wake, wamchunguze upya wamfute alama. Andika. Usipoandika, mwisho wa mwezi huu jina linafutwa kabisa likiwa na uwizi wake.

Hilo ni la wenye mchezo. La watu ni hili. Jumapili hii, jua likianza kuinama, utaita ngome nzima uwanjani kama ulivyowaita siku ile, pale kisimani. Huko kwenu itakuwa asubuhi, basi amka. Utafungua geti Ildefonsa aingie, na utavua hiyo deraya yako. Utapiga magoti mahali alipopiga Nice. Na utaandika kwa lugha ya wenzako, kisha kwa Kiswahili, kwamba Ildefonsa si mwizi, kwamba ulijua, na ulinyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Hilo la kuogopa usilifiche. Nikilikosa nitajua.

Nimekwisha kuongea na mwenye lile banda la Nyakanazi. Alianza kunikatalia, nikamwambia kelele iliyotokea mlangoni pake itarudi mlangoni pake, akakubali. Atatoa skrini kubwa nje, iangalie stendi. Scola atapika supu, na wameambiwa yeyote aliyerusha jiwe anakaribishwa bakuli. Watakuja. Watu wale hawaachi kitu cha kutazama. Ciza atasoma kwa sauti kila neno utakaloandika, maana sauti anayo.

Na sisi tutakuwa tumekaa mbele, Nice na mimi. Hakutaka. Alisema, "Bibi, siwezi kurudi pale." Nikamwambia utarudi umeshika mkono wangu, na mimi nitashika kisu cha Scola. Halafu akauliza, "Na kaka asipotokea?" Swali hilo nakuachia wewe. Usipotokea, tutakuwa tumekaa katikati ya watu walewale, chini ya neno lilelile, na begi lilelile magotini.

Kompyuta ni nzima, ina ufa wa pembeni tu, mtoto aliilalia. Lakini mkono wa Nice hauwezi kipanya. Basi nitashika mimi. Usicheke. Ananifundisha tangu Jumapili iliyopita, na ndiyo mara ya kwanza ameugeuzia ukuta mgongo. Nafungua lile dirisha jeusi, naandika maneno aliyonipa, herufi ndogo zote, maana hiyo Linux ina kiburi, ukikosea herufi moja inakurudisha mlangoni. Tumeelewana, mimi nayo. Napiga Enta, mkalimani anaamka, nasimama makaburini na upanga wangu mrefu. Mkono wa kushoto naendea, wa kulia nakatia. Picha inakwama kidogo kila nikifika mahali papya, nasubiri, nakata. Ciza nimemwua mara nyingi kwa mazoezi, anakuja mwenyewe kuuawa kila jioni akitoka kutupalilia shamba. Jana Nice alicheka nilipomkata Ciza mguu badala ya shingo. Alijiziba mdomo kwa ajili ya meno, lakini alicheka.

Ukipiga magoti na kusema yote, nitaweka upanga chini, na Nice ataandika kwa mkono wa kushoto neno atakalopenda kukujibu. Sitamlazimisha liwe zuri.

Ukija na maneno ya kuzungukazunguka, nitakukata hapo kisimani mbele ya Wazungu wako na mbele ya Nyakanazi nzima. Ukifufuka nitakungoja makaburini nikukate tena. Sina haraka, shamba limekwisha kupaliliwa.

Mama yako anakusalimu, anakuombea ili nisikuumize. Shangazi Scola anakusalimu kwa mikono iliyofungwa bandeji, anauliza kama unapenda supu. Akimana anakusalimu na kukuomba radhi kwa ajili ya mwanawe, akidhani ni yeye wa kuomba. Fundi Frednand anasema kama wenye mchezo watataka maelezo ya hiyo Linux yuko tayari kukusaidia kuyaandika. Nice hajatuma salamu. Nilimwuliza, akasema tutaonana Jumapili.

Baraka yangu nilitaka kuimalizia hapa kama ada, nikaona bado. Nitakuja nayo kisimani. Mungu akulinde na baridi mpaka siku hiyo, baada ya hapo tutaangalia. Ukifanya kama mwanaume niliyemlea, nitakupa baraka yote, nitashusha lile jina darini, na nitakuita mbele ya watu wote, kwa Kiswahili, asome Ciza kwa sauti: mume wangu amerudi.

Usimkimbie bibi yako.

Ni mimi nikupendaye, na ndiyo maana nimenoa,

Bibi yako,
Ildefonsa, asiyekuwa mwizi.